Shuka za Shimo la Nne

Ardhi ni ya nani: ya mwenye hati au ya mwenye nyayo? Jibu mwenyewe, usikimbilie kwa wakili, maana wakili ana jibu lake na jibu hilo lina bei.

Dod Geddes hakuwahi kugonga mlango wa wakili maisha yake yote. Alikuwa fundi wa mapaa katika kijiji cha Portgarvie, pwani ya mashariki ya Uskoti, na kwa miaka arobaini aliutazama uwanja wa gofu wa kijiji akiwa juu ya nyumba za watu, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Kabla hajashika fimbo ya gofu alishajua upepo wa asubuhi unaupeleka mpira wapi, kwa sababu alishaona mipira ya wenzake ikipotea kwa mamia.

Uwanja wenyewe ulikuwa na mashimo tisa tu, umekaa kati ya nyumba za mwisho na bahari. Nyasi zake ni zile ngumu za mchangani, ambazo mvua inyeshe vipi, jua likichomoza unatembea bila kulowa. Lango halikuwapo. Palikuwa na kibanda cha mbao cha kutundika makoti, na ndani yake sanduku ambamo kila mtu alitumbukiza alichojaliwa. Daktari, muuza samaki, mchungaji wa kanisa na mpishi wa hoteli walipishana pale, na aliyefika kwanza ndiye aliyepiga kwanza.

Kwenye shimo la nne ndipo Dod alipopata mke. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Alipiga mkwaju ukaenda kombo, mpira ukatua katikati ya shuka nyeupe iliyotandazwa juu ya vichaka vya miiba. Msichana aliyekuwa akianika aliutazama mpira, kisha akamtazama yeye.

"Uokote, uuweke pembeni, uendelee na mchezo wako," alimwambia. "Adhabu huna. Lakini ukiikanyaga shuka ya mama yangu, adhabu utaiona."

Jina lake lilikuwa Teenie. Waliishi pamoja miaka arobaini na minne.

Teenie alifua shuka za hoteli ndogo ya kijiji, kama mama yake alivyofua, na bibi yake kabla ya hapo. Siku alipofariki, ghafla, palepale jikoni, beseni lilikuwa limejaa shuka mbichi. Watu walipokwisha kutoa pole na kwenda zao, Dod aliziangalia shuka zile kwa muda mrefu. Kisha akaliinua beseni, akaenda nalo shimo la nne, akazianika moja baada ya nyingine. Alipozianua akazipeleka hotelini zikiwa zimekunjwa vibaya kama karatasi ya kufungia chipsi. Mwenye hoteli, sijui kwa huruma au kwa uvivu wa kutafuta mtu mwingine, akampa nyingine. Hivyo ndivyo mwanamume wa miaka sitini na minane, mwenye goti bovu na viganja kama magome ya mti, alivyogeuka dobi.

Unadhani walimwacha salama? Rab Lorimer, mkata nyasi wa uwanja na rafiki yake tangu walipokuwa wakiiba matufaha pamoja, ndiye aliyempa jina la Mama Shuka.

"Mama Shuka, leo unacheza au unapiga pasi?"

"Nikimaliza kukufunga nitaipiga pasi na hiyo suruali yako. Inatuaibisha kijiji kizima."

Naye alimfunga kweli, mara nyingi kuliko Rab anavyopenda kukumbuka.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha ikaja kampuni.

Mrithi wa bwana mkubwa mwenye ardhi ile, mtu ambaye Portgarvie walimjua kwa jina tu, aliiuzia milki ya ukoo wao yote: mlima, msitu, na pwani hadi maji yanapofika. Wiki haikwisha, wakaja wanaume wawili na gari lililojaa nguzo, wakaanza kuzipigilia kutoka ukuta wa kanisa kuelekea baharini. Nyuma yao kikaja kijitabu chenye picha za kumeremeta. Kichwa chake: "Uwanja Wako wa Nyumbani." Ndani wameorodhesha kila anachotafuta mcheza gofu wa kweli: nyasi laini kama zulia, mkahawa wenye madirisha marefu, vigari vya umeme, utulivu, na majirani wa hadhi.

Rab alikisoma kwa sauti kibandani. Alipofika kwenye majirani wa hadhi alimtazama Dod aliyekuwa amekumbatia kikapu cha vibanio vya nguo, akasema hapo bila shaka wamekukusudia wewe. Walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikudumu. Nguzo zilikuwa zimeshafika shimo la pili.

Ndivyo watu wanavyonyang'anywa vitu, popote duniani. Kwanza unaambiwa kitu chako ni duni. Ukishaanza kuona aibu, unaambiwa hakikuwa chako.

Kijiji kikafungua kesi. Aliyewaongoza alikuwa Bi Lorna Tulloch, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata wanaume wenye mvi walivua kofia mbele yake kwa mazoea ya darasani. Alipekua makabati ya kanisa, ya shule na ya hoteli akitafuta karatasi yoyote inayoonyesha kwamba wanakijiji wana haki juu ya uwanja ule. Hakupata hata moja. Ikabaki kutegemea ushahidi wa mdomo, na sura nzuri ya uwanja, kwa kuwa hakimu alikuwa amesema atakuja Alhamisi kuisikiliza kesi kijijini na kuiona ardhi kwa macho yake.

Jumatano jioni mwalimu alikwenda nyumbani kwa Dod. Alikunywa chai, akasifu biskuti, kisha akayasema yaliyomleta. Hakimu akikuta shuka zinapepea kwenye shimo la nne, kampuni itasema watu wa Portgarvie hawajui hata uwanja wa gofu ni nini.

"Siku moja tu, Dod. Na ukiulizwa, habari za kufua usizitaje."

Huyu ndiye aliyewafundisha wanawe wote kusoma. Dod akakubali.

Alhamisi ikaamka na upepo wa magharibi, mkavu, wa kukausha shuka nzito kabla ya saa sita, Teenie angeufurahia. Beseni lilikuwa limejaa. Dod alifunga tai, akapita kando ya beseni bila kulitazama, akatoka. Njia nzima hadi ukumbi wa kanisa alijiona kama mtu aliyemkana mkewe mbele za watu.

Wakili wa kampuni aliitwa Bwana Fenn. Alikuwa mpole, viatu vyake vinang'aa, na hakumtukana mtu. Alieleza tu kwamba mabwana wakubwa wa zamani waliwaacha wanakijiji wacheze kwa hisani. Hisani, alisema, ni kitu kizuri sana, lakini haigeuki haki kwa kurudiwarudiwa, na mwenye mali mpya hafungwi na ukarimu wa yule wa zamani. Hakimu, mwanamke mwembamba aliyeandika kila kitu kwa penseli, alimwuliza Bi Tulloch kama kijiji kina maandishi yoyote. Mwalimu alisimama, akasema hakina, akakaa.

Hapo Bwana Fenn alipaswa kutosheka. Lakini mtu anayeshinda hupenda kushinda na kidogo cha ziada. Akamwita Dod Geddes, aliyetajwa kwenye orodha ya kijiji kuwa mchezaji wa miaka mingi kuliko wote.

"Bwana Geddes, wewe ni mcheza gofu?"

"Nacheza. Kama najua, mwulize Rab pale."

Watu wakacheka kidogo, na wakili akacheka nao.

"Basi tusaidie. Mcheza gofu anatafuta nini katika uwanja wake wa nyumbani?"

Dod alifikiri. Katika miaka yake sabini na mmoja hakuna aliyewahi kumwuliza jambo hilo.

"Anatafuta mahali ambapo akicheza vibaya leo, kesho atarudi," alisema. "Atarudi kwa miguu, na viatu vya jana, na hatamwomba mtu ruhusa. Upepo wa pale unamjua na yeye anaujua. Hayo ya zulia mimi siyawezi. Zulia ninalo nyumbani."

Bwana Fenn akainamisha kichwa kwa heshima, akainua picha kubwa iliyobandikwa kwenye ubao. Shimo la nne, siku ya jua, na shuka kumi na mbili juu ya vichaka.

"Na hizi? Mcheza gofu anatafuta na hizi?"

Dod alimtazama Bi Tulloch. Mwalimu alitikisa kichwa polepole: usiseme. Akaitazama picha tena. Shuka ya tatu kutoka kushoto ilikuwa na kiraka kwenye pembe, na kiraka kile alikishona Teenie majira ya baridi ya mwisho ya maisha yake, akilalamikia macho yake.

"Hizo nimeanika mimi," alisema Dod, na sauti yake ilifika hadi mlangoni. "Kabla yangu alianika mke wangu. Kabla yake mama yake."

"Na mpira ukitua juu yake? Mchezaji anafanya nini, anakimbia asipigwe?"

"Akimbie kwa nini? Anauokota, anauweka pembeni, anaendelea. Hakuna adhabu. Ni kanuni ya saba."

Penseli ya hakimu ikasimama. "Kanuni ya saba ya nini?"

"Ya uwanja, mheshimiwa. Imeandikwa ubaoni, kibandani. Iko nyuma ya makoti. Sijawahi kuisoma, mke wangu ndiye aliyeniambia."

Bwana Fenn akasema hana haja ya kuipotezea mahakama muda kwa mambo ya makoti. Hakimu akamjibu bila kuinua sauti: "Wewe ndiye uliyeuliza, Bwana Fenn."

Rab akatumwa. Alirudi akihema, amekumbatia ubao mrefu mweusi, kulabu zikiwa bado ziko juu yake na kofia ya mtu ikining'inia kwenye mojawapo. Kwa zaidi ya miaka mia kijiji kilikuwa kikitundika makoti pale. Kanuni zilisomwa na waliokuwa hai wakati huo, kisha zikabaki midomoni mwa waanikaji tu. Hakimu akatoa kitambaa, akafuta vumbi, akasoma kwa sauti:

"Mpira ukitua juu ya nguo zilizoanikwa utaokotwa bila adhabu, kwa kuwa wanawake wa Portgarvie wana haki ya kuanika katika ardhi hii, na wenyeji wote haki ya kucheza, nazo haki hizo zilikuwapo kabla yangu wala si zangu kuziondoa."

Chini yake kulikuwa na mwaka, 1871, na sahihi iliyochongwa na kutiwa rangi ya dhahabu: ya bwana mkubwa mwenyewe, babu wa babu wa yule mrithi aliyeiuza ardhi.

Wanakijiji walikuwa wameficha shuka kama aibu. Kumbe zile shuka ndizo zilizowatunzia hati yao, vizazi vinne, bila mtu kujua.

Hakimu akataka kuiona ardhi. Walitembea wote nyuma yake hadi shimo la nne, kampuni mbele na kijiji nyuma, au kinyume chake, maana hapakuwa tena na anayejali mpangilio. Aliuliza shuka huanikwa wapi. Dod akamwonyesha vichaka.

"Mbona leo hazipo?"

"Leo tulikuwa na wageni, mheshimiwa."

Hakimu akainamisha uso kwenye daftari lake, na mabega yake yakatikisika kidogo. Saa tisa alasiri, ukumbini, akatoa uamuzi. Anayenunua ardhi hununua pamoja na haki za watu zilizomo ndani yake. Portgarvie watacheza, Portgarvie wataanika. Uzio ni batili. Nguzo zing'olewe.

Watu wa pwani ile hawana mazoea ya kupiga kelele ukumbini. Kisha Bi Lorna Tulloch, aliyekataza kelele shuleni miaka thelathini, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mbinja iliyotetemesha vioo. Hapo ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na paa, ambalo Dod aliliezeka kwa mikono yake, likapata mtihani wake.

Mwalimu alimfuata huku watu wakikumbatiana. "Nilikukosea, Dod. Wewe na Teenie wako."

"Wewe tulikukosea sote, mwalimu. Ulitufundisha kusoma, na ubao tukautundikia makoti."

Jioni mwenye hoteli alitoa supu ya samaki wa moshi na viazi kwa kila aliyeingia, na wiski kwa waliokaa. Rab akapanda juu ya kiti, akainua bilauri, akasema tunakunywa kwa heshima ya Mama Shuka. Ukumbi mzima ukalirudia jina lile, wakiwa wamesimama, jinsi watu wanavyotaja cheo. Dod alikunywa bilauri moja tu. Alikuwa na shuka za kusuuza.

Kesho yake asubuhi alikuwa shimo la nne, kibanio mdomoni, alipowaona wale wanaume wawili wa kampuni waking'oa nguzo walizozipigilia wenyewe. Rab aliwafuata na toroli la mchanga, akiziba kila tundu na kulikanyaga. Nguzo ya mwisho ilipolala garini, yule mkubwa wao, mwenye mikono minene kama mapaja, alifuta jasho akamwuliza Rab kama ni kweli kwamba mtu yeyote anaweza kucheza. Rab akamkabidhi fimbo, akamwekea mpira.

Mtu yule aliinua fimbo juu ya kichwa kama nyundo ya nguzo, akaishusha. Nyasi zikaruka. Mpira ukabaki pale pale.

"Umezoea kupigilia chini, ndugu yangu," Rab alimwambia. "Huu unapelekwa mbele."

Akajaribu tena, akakosa. Mara ya tatu fimbo ikaukuta mpira. Ukapaa chini chini, ukavuka mstari mzima wa matundu yaliyozibwa, ukaendelea kubingirika kuelekea baharini, na yule mtu akaliacha koti lake chini akaufuata mbio.