Mate ya Mwenyewe

Miaka kumi na minane Nzisa ameshika vinywa vya watu katika kliniki ya meno pale Thika, na kinyaa hakijamtoka. Eti mtu huzoea. Wapi! Anajua nani alikula omena jana na nani hupiga mswaki siku ya kuja kliniki pekee. Akirudi kwake Makongeni hunawa mikono mara tatu kabla ya kugusa unga. Lakini kazi anaijua. Ndiye huchukua alama za meno kwa ule uji wa rangi ya waridi unaoganda kinywani, na ndiye huunda vifaa kwenye chumba cha nyuma.

Gachau, dereva wa basi la shule kule Ruiru, alikuja kung'olewa gego la chini kushoto. Alisinzia hapo hapo kitini, mdomo wazi, akakoroma, kisha akanyamaza kabisa, hapumui. Nzisa alikuwa karibu kupiga nduru alipomwona akishtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Akakunja pua, akidhani huyu kalewa. Daktari Beth hakukunja pua. Alitazama meno yalivyosagika na ulimi uliochorwa alama za meno pembeni, akamtuma hospitali alale na mashine ya kupima usingizi.

Ikaonekana koo lake hujifunga kila mara akilala, ndiyo maana mchana alikuwa akisinzia kwenye usukani. Daktari wa usingizi akamrudisha kwa Daktari Beth, naye Nzisa akamuundia plastiki mbili, ya juu na ya chini, za kusukuma taya la chini mbele ili hewa ipite. Baada ya mwezi Gachau alirudi macho yakimeta.

"Madam, hata redio ya basi nimezima. Nilikuwa naifungulia sana ndio nisilale."

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Jumanne iliyopita alirudi tena, macho mekundu, akaweka kifaa mezani akisema kimelegea. Nzisa alikigeuza kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kimepinda, kina utando wa manjano, na nyuzi za nyama zimekauka kwenye kona. Na pale chini kushoto, mahali ambapo Gachau hana jino, gego la mtu lilikuwa limechimba shimo.

"Hapa tuling'oa. Nani ameuma hapa?"

Gachau aliinamisha kichwa. "Ni brother."

Kaka mkubwa, Kinuthia wa Membley. Naye hukoroma, na mkewe alikuwa amehamia chumba cha watoto. Akasema wapokezane, wiki yake, wiki ya mdogo wake, na akakitia kwenye maji moto kidogo ndio kimtoshe.

"Ngai! Mnapokezana kitu cha mdomo?"

"Huwa nakisuuza, madam. Sasa ningemkatalia aje? Ndiye mkubwa, na ndiye alilipa."

Nzisa alivaa glavu ya pili. "Na basi je?"

Gachau alisugua goti. Jana yake alikuwa amesinzia na watoto garini. Mtoto mmoja alipiga kelele, naye akaamka gurudumu likiwa ukingoni mwa mtaro. Daktari Beth aliposikia alimwandikia barua hapo hapo: asiguse usukani mpaka kifaa kipya kiwe tayari. Kisha akaagiza huyo Kinuthia aletwe.

Alikuja kesho yake na tai na funguo za gari, anacheka, huku akilalamika kwamba magego yanamuuma.

"Si ni plastiki tu, madam? Mimi na Gachau ni damu moja."

"Damu sawa. Mate kila mtu na yake," Nzisa alimjibu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mzee."

Daktari Beth alimwambia atapimwa usingizi wake mwenyewe hospitali, ila kwanza zichukuliwe alama, aone kifaa cha mdogo wake kimeyasogeza meno kiasi gani. Nzisa alimsukumia uji wa waridi kinywani mpaka nyuma. Kinywa kilinuka vitunguu na ubishi.

"Dakika tatu. Usiongee. Jumatatu ndugu yako nusura aangushe watoto wa watu kwenye mtaro, kwa sababu kifaa chake kilikuwa kwako."

Kinuthia alipunga mkono, kama kusema mambo yametiwa chumvi.

Gachau alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuwa amewahi kumpinga kaka yake hata siku moja.

"Brother," alisema, "mtoto aliyepiga kelele ni Cindy wako."

Mkono ulibaki hewani. Kinuthia alijaribu kusema kitu, ikatoka sauti ya koo tu, na machozi na mate vikaanza kumtiririka hadi kwenye tai. Akanyoosha kiganja, akiomba tishu.

"Bado dakika mbili," Nzisa alisema. Tishu alikuwa nazo mfukoni. Hakumpa.