Soko la Milele na Wageni wa Kibugu

Nafundisha siasa na uchumi wa kimataifa katika chuo kimoja huku Meru, upande wa Nchiru, na kila muhula mpya huuanza kwa swali lile lile. Nawaambia wanafunzi wanitajie kitu kimoja duniani ambacho wana hakika hakitabadilika. Wanataja dola. Wanataja mataifa makubwa na meli zao za kivita. Hakosi mmoja wa nyuma wa kutaja kodi ya hosteli, na darasa zima hucheka. Ndipo nawapa habari za himaya zilizoapa hazitaanguka, na za mikataba iliyoandikwa neno "milele" ikavunjwa kabla wajukuu wa waliotia saini hawajamaliza shule. Wanaandika. Nisichowaambia ni kwamba somo hilo sikulipata chuoni. Nililipatia jikoni kwa mama yangu, nikiwa na mwiko mkononi, na nusura linikoseshe mume.

Baba yangu ni mkulima wa miraa. Nilipokuwa nakua, alasiri ya kwetu ilikuwa na mwendo wake: wanaume wamekaa kibandani wakifunga miraa kwa majani ya mgomba, pikapu iko langoni inanguruma, na dereva anapiga honi kwa sababu miraa ikilala njiani haina mnunuzi. Ilikimbizwa hadi uwanja wa ndege Nairobi, na kutoka huko ikaruka kwenda nchi moja ya ng'ambo ambayo Baba hakuwahi kuiona hata kwenye ramani mpaka nilipomwonyesha. Aliitazama, akasema, "Kumbe ni kadogo hivi." Lakini aliiamini kama alivyoiamini mvua ya Oktoba.

Nchi hiyo ndogo ilinisomesha. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, godoro la bweni, karo ya chuo, vyote vilitoka kwa watu nisiowajua waliokaa mahali jioni wakitafuna miraa yetu na kupiga soga. Niliwashukuru wakati ule na nawashukuru hata leo. Anayetaka kunihubiria kuhusu miraa na aje kwanza na karo yangu mkononi.

Asubuhi moja tukinywa chai, redio ikatangaza kwamba nchi hiyo imepiga miraa marufuku.

"Watafungua Monday," Baba akasema, akaongeza sukari.

Jumatatu ikaja ikapita. Pikapu haikuja. Nilijaribu kumweleza kwamba wabunge wa nchi nyingine hawapigi kura wakiwaza boma letu, kwamba nchi haina rafiki wa kudumu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lake. Akarudi shambani. Miti haikuwa imesikia redio, ilikuwa inaendelea kuchipua tu, naye akawa anachuma, anafunga, anapanga mafurushi kibandani, kisha jioni anawapa mbuzi. Aliacha kuongea mezani. Aliacha hata kugombana na Mama, jambo ambalo Mama aliliogopa kuliko marufuku yenyewe.

Wakati huo kijana mmoja wa Kibugu, kule Embu kwenye majani chai, alikuwa ameniambia anataka kuleta wazee wake nyumbani. Alikuwa fundi wa maabara Meru mjini, mpole, mwenye tabia ya kuuliza mara mbili kabla ya kuketi. Nilimpenda, na silifichi hilo. Siku ya kwanza iliyopangwa Baba aliahirisha. Ya pili akaahirisha tena. Kwetu kila mtu anajua kwamba ukiahirisha mara ya tatu umekataa, ila tu hujatamka.

"Mtu hupokea wageni akiwa na kitu," alimwambia Mama. "Mimi niko na nini? Miti ya kulisha mbuzi?" Alikuwa amekwisha kupatana na mtu wa msumeno wa mashine aje aangushe shamba lote apande makadamia.

Mama alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa. "Wageni wanakuja Jumamosi. Wewe ukitaka kulala shambani, lala."

Sasa, huwezi kuingia boma la Mmeru kumposa binti mikono mitupu. Unaleta kifurushi cha miraa tunachokiita ncoolo, kilichochumwa kwenye miti mikongwe na kufungwa kwa ustadi. Baba wa binti akikifungua, amekubali. Kikibaki kimefungwa, wageni hunywa uji wao na kwenda. Nilikuwa nimemweleza mchumba wangu haya yote, naye akawaeleza wazee wake. Nilichosahau ni kwamba wazee nao hufikiri.

Walifika wakiwa wamevaa makoti mazito ya watu wa baridi. Mimi na shangazi zangu tulijazana kwenye dirisha la jikoni. Msemaji wao, baba mdogo wa mchumba wangu, alisimama, akasalimu vizuri, akasema wametumwa na moyo mweupe, kisha akamkabidhi Baba mfuko wa karatasi ya khaki.

Ulikuwa mfuko wa muguka.

Kwa asiyejua, muguka ni jamaa wa miraa, majani matupu ya kutafuna yanayolimwa nyanda za chini kule Mbeere. Hauna vijiti, haufungwi, unatiwa mfukoni kama mboga. Na kwa urahisi wa bei yake, ndio uliokuwa umetunyang'anya hata wanunuzi wachache tuliobaki nao hapa nchini. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa leso.

"Miraa nyinyi mko nayo mingi," mzee alieleza kwa furaha ya mtu aliyewaza sana. "Nikasema hatuwezi kuwaletea mali yenu. Wacha tulete ya kwetu. Niliteremka Mbeere asubuhi mapema, nikachagua mwenyewe. Hii ni fresh kabisa."

Baba aliufungua mfuko, akachungulia. Akachungulia tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani ni hasira, mpaka niliposikia sauti. Alikuwa anacheka. Sauti hiyo ilikuwa imepotea nyumbani kwetu tangu siku ya redio, na Mama aliketi ghafla juu ya gunia la viazi, akalia.

"Mzee," Baba alisema akijifuta macho, "hii unanipea ni ya kupika? Hapana, kuja. Kuja nikuonyeshe."

Wakaondoka wote wawili, mchumba wangu nyuma yao, wakaelekea shambani. Sisi wanawake haturuhusiwi kukaribia miti ya miraa, kwa hiyo yaliyosemwa huko nilisimuliwa baadaye. Baba alimpeleka mgeni kwenye mti uliopandwa na babu yangu, ambao tayari alikuwa ameutia alama ya panga ili ukatwe, akaukwea mwenyewe na umri wake wote, akawa anachuma na kumrushia. Mgeni akaanza kueleza habari za chai yao. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa vitani na bandari ya huko ilikuwa imefungwa.

"Na bado mnachuma?" Baba aliuliza kutoka juu.

"Chai huwezi kuiambia ingoje. Ukiiacha inakuwa msitu."

"Sasa wakikosa wa kununua?"

"Basi tutakunywa sisi."

Wakacheka tena, mmoja juu na mwingine chini. Mti ule bado upo. Mingine aliikata, sitadanganya, na makadamia yaliyochukua nafasi yake bei yake nayo hupanda na kushuka kwa amri ya watu wa mbali. Ndege za miraa nazo zimerudi, zikasimama, zikarudi tena. Baba siku hizi husikiliza habari hizo huku akifunga mzigo, hata mikono haisimami.

Waliporudi, Baba alikuwa amekifunga kifurushi barabara, jani juu ya jani, kamba ya mgomba kiunoni. Akampa mgeni. Akamwambia atoke nje ya lango, aingie upya, aseme maneno yake yote tena. Mzee wa watu akatoka na koti lake, akabisha hodi, akasema tena kwamba wametumwa na moyo mweupe.

Baba akapokea, akamgeukia mchumba wangu. "Na wewe huko maabara, uko permanent?"

Nilifumba macho.

"Hapana, Mzee. Ni kandarasi ya mwaka."

Baba akatikisa kichwa polepole. Akaweka kifurushi magotini, akaagiza niitwe, maana lazima binti aulizwe mbele ya wote. Nilitoka jikoni nikijifuta mikono. Nilitarajia aulize kwa kifupi kama wazee wote.

"Mama," alisema, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mimi nilidhani nitakutoa hapa nikiwa na kitu. Nilidhani ile nchi itakuwako tu. Sasa niko na hii miti, na sijui kesho ni nani ataitaka. Huyu kijana naye kazi yake umesikia. Hakuna mtu hapa anaweza kukuahidi kesho. Nifungue?"

Nilitaka kumwambia kila kitu nilichokula na kuvaa na kusoma. Kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Baba, ulishanipa. Asante. Fungua."

Akaishika kamba. Lakini fundo alilolikaza mwenyewe lilimshinda, mpaka mgeni wa Kibugu akasogeza kiti na kumshikia upande mmoja.