Makemba Yasiyooza

Ukimuuliza Josée anafanya kazi gani pale chuoni, alikuwa na jibu moja fupi: "Natafuta namna makemba isioze." Halikuwa jibu la kweli, ila alishachoka. Jaribu wewe kumweleza jirani wa mtaa wa Mangobo, kajitwika beseni la pondu, majani ya muhogo, kwamba ndani ya makemba, yaani ndizi za kupika, mna vimeng'enya, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hugeuza sukari ya aina moja kuwa nyingine ndizi inapoiva. Jirani atakuuliza vinauzwa wapi.

Alichotaka ni kupima nguvu ya vimeng'enya hivyo, na kazi hiyo ilimtoa jasho. Mashine ya kupimia iliazimwa kutoka Kinshasa, na ilibaki siku moja tu irudishwe. Makemba aliyafuata mwenyewe Bengamisa kwa pikipiki, akayavundika hadi yakaiva, akayakata vipande. Friji ya maabara ikafa. Akavihamishia nyumbani, kwenye friji ya shangazi yake Viviane, aliyemlea, na asubuhi ya siku hiyo ya mwisho umeme nao ukakatika. Bila baridi vipande vingeharibika kabla ya kupimwa, na muda wa kuvundika makemba mengine haukuwepo.

"Tantine, unichungie hii makemba. Isiharibike!" alisema, akatoka mbio kutafuta barafu.

Sokoni hakuna. Akavuka mto kwa mtumbwi hadi ng'ambo, Lubunga, kwa wauza samaki, akabembeleza, akatukanwa kidogo, akapata kipande. Alirudi maji ya barafu yakimchuruzika mgongoni, akiilaani friji, umeme, mto, na siku aliyochagua sayansi.

Shangazi alimpokea mlangoni uso ukimng'aa. Vipande vilipangwa kwenye sahani, safi kabisa, vikitoa mvuke.

"Mutoto yangu, ilianza kugeuka nyeusi. Bon, nikaitia ku mayi ya moto, kidogo tu. Sasa haiwezi kuoza."

Maji ya moto huua vimeng'enya. Mashine isingekuta chochote cha kupima. Kazi yote imekwenda na maji. Josée alitaka kupiga kelele, na angepiga kweli, lau shangazi asingeongeza kwa upole:

"Si ndiyo hii ulikuwa unatafuta ku chuo miaka yote? Ungeniuliza, mama."

Hapo hasira ikakosa pa kwenda. Nani alimwambia mwanamke huyu kwamba kazi ni kuzuia makemba yasioze? Ni Josée mwenyewe, kwa uvivu wa kueleza, na shangazi alimsadiki kila neno.

"Asante, tantine," alisema.

"Na hii barafu iko ya nini?"

Josée aliitazama. Ilibaki ndogo kama ngumi ya mtoto.

"Ya mayi ya kunywa," akajibu, akaidumbukiza kwenye jagi.