Tumezima injini angani, nimetua, nikapewa pakacha

Leo nimeitua ndege kwa injini moja, na shukrani yangu ya kwanza ilikuwa pakacha la matunda ya shokishoki.

Jamani, hebu nisikilizeni.

Tulitoka Unguja; Pemba tushaiona, injini ya kulia ikaanza kutetemeka. Tukaizima.

Zamu ya kurusha ilikuwa yangu. Kepteni Salum hakuninyang'anya usukani. Kasema tu, "Endelea wewe, mimi nasoma orodha ya dharura na kuongea na mnara wa uwanja."

Ndiyo kazi yetu hiyo. Mmoja anarusha, mwengine anafanya yote yaliyobaki. Bila yeye nisingetua, na yeye bila mimi vilevile.

Tukatua salama, alhamdulillahi.

Abiria wote wakamzunguka Kepteni. Mzee mmoja akamwombea dua ndefu, nami nikaitikia amina, nimesimama pembeni na sare yangu.

Bibi mmoja wa Kojani akanisukumia pakacha lake. "Mwanangu, nishushie."

Kepteni akasema, "Bibi, aliyetutua ni huyu."

Wakacheka! Bibi akamtazama Kepteni, akasema, "Mashaallah, mwaona alivyo mnyenyekevu!"

Pakacha nimelibeba, maana yule ni kama bibi yangu. Nikamuuliza anakwenda tena lini Unguja.

"Alkhamisi, inshaallah."

Alkhamisi narusha mimi tena. Na kabla hatujaondoka nitashika kipaza sauti mwenyewe, niwaambie kuwa rubani wao ni binti wa Madungu, papa hapa Pemba.

Asiyetaka ashuke. Pakacha nitambebea.