Ukurasa wa Nakato

Kwa miaka kumi na miwili Babirye alisuka nywele za wanawake wa Hai Cinema, mtaa wa Juba, na hakuna mteja aliyewahi kusikia kwamba alizaliwa pacha. Nakato, mdogo wake wa dakika chache tu, alifariki kwa malaria huko kwao Masaka, Uganda, miaka minane iliyopita. Babirye alimzika, akapanda basi kurudi Juba, akashika kitana. Jina lile akalifungia moyoni.

Ndiyo maana aliacha kusuka mchana mmoja mteja mgeni alipoingia saluni, akamtazama usoni akasema, "Wewe ndiye Nakato? Simu imeniambia unasuka hapa."

Alimwonyesha Jirani, programu ya simu inayowatafutia watu mafundi walio karibu. Babirye alijiunga nayo miezi miwili nyuma, kwa msaada wa Santina, msusi mwenzake. Kulikuwa na ukurasa mrefu wa Kiingereza, na chini yake kitufe cha kijani cha kukubali. Kila mtu hubonyeza tu, naye akabonyeza. Sasa kwenye simu ya mgeni walikuwamo wasusi wawili: Babirye, na chini yake Nakato, yuko mita tatu kutoka ulipo.

Babirye akamnong'oneza Santina kwamba hilo ni jina la pacha wake aliyekufa, naye Santina akapiga ishara ya msalaba. Mgeni akacheka, hajui kitu.

Tangu siku hiyo simu haikumpa amani, ujumbe ukifuata ujumbe: Nakato, umekuwa kimya. Nakato, wateja watatu wanakutafuta. Duka moja la dawa la mtaa wa Juba Na Bari, ambalo Babirye hajawahi hata kulikanyaga, lilimtakia Nakato heri ya siku ya kuzaliwa, na tarehe haikukosea. Kisha ikaja picha ya mwanamke mwenye mvi juu ya sikio, na jina la Nakato chini yake. Nakato alikufa hana hata unywele mmoja mweupe. Babirye aliitazama mpaka macho yakamuuma, ndipo akaitambua blauzi. Ilikuwa yake mwenyewe, aliyojipigia picha Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Na picha ile hakumtumia mtu yeyote.

Asubuhi yake alikwenda mtaa wa Thongpiny, kwenye ofisi ya Jirani. Alipokewa na Lako, kijana mpole aliyekulia ukimbizini Uganda.

"Mama, programu ilisoma picha zote za simu yako," Lako alisema. "Ikakuta sura moja yenye majina mawili uliyoyaandika kwenye picha. Ikadhani ni watu wawili, wote wazima, ikamfungulia na mwenzako ukurasa."

"Nani aliiruhusu?"

"Ulikubali, mama."

"Mimi nilikubali watu waone saluni. Na Nakato alikubali lini?"

Lako akaweka karatasi mezani: mwongozo mpya wa kumwomba mteja ruhusa. Aelezwe kwa lugha anayoielewa ni taarifa zipi zinachukuliwa, zinapelekwa kwa nani, kwa muda gani. Akikataa kimoja asinyimwe kingine. Na kuondoa ruhusa kuwe kwepesi kama kukubali.

"Ulipojiunga, mwongozo huu ulikuwa haujaanza kutumika," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi mfute."

Lako alibonyeza, akasita, akamgeuzia kompyuta asome maandishi: Mwenye ukurasa pekee ndiye anayeweza kuufuta. Nakato, tafadhali tazama kamera.

"Malesh, mama. Nisamehe. Mashine haina mahali pa kuandika kwamba mtu amekufa."

Babirye akaketi. Uso wake ukatokea ndani ya duara. Geuza kichwa kushoto. Akageuza. Fumba macho. Akafumba, na katika giza lile akasikia pumzi nyingine ikienda sambamba na yake, kama walivyokuwa wakilala utotoni kwenye mkeka mmoja. Akafumbua haraka.

Tumekutambua, Nakato. Unakubali kuondoka?

Kidole kikaning'inia hewani. Kule Masaka hakuna aliyemuuliza Nakato swali hilo.

"Weeraba," Babirye alimuaga kwa Kiganda, akabonyeza.

Asante, Nakato. Kisha duara likabaki tupu, na Babirye bado amekaa mbele yake.

Alilia palepale, mara ya kwanza tangu mazishi. Lako alifunga mlango, akakaa naye.

Taarifa za Nakato zilikuwa zimefika kwa kampuni tano. Nne ziliandika kwamba zimezifuta. Ya tano haijajibu mpaka leo, na hakuna anayejua ofisi yake iko wapi.

Lako aliuleta ukurasa mpya wa ruhusa pale saluni. Babirye aliusoma kwa sauti, kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, na kila mwanamke alipokunja uso kwa kutoelewa, Lako alifuta na kuandika upya. Babirye mwenyewe aliruhusu paonyeshwe mahali pa saluni tu.

Picha ya Nakato aliichapisha, akaitundika ukutani. Mteja akiuliza, anamsimulia. Wapo wanaoitazama picha, wakautazama uso wa Babirye kwenye kioo, kisha wakaomba kiti kigeuzwe upande wa mlango, wasiione sura ile mara mbili.