Mbio, Mbuzi na Mama Mukwe

Jumapili nilisimama karibu na stesheni kutazama mbio za barabarani. Karani mmoja wa ofisi ya zone alikuwa akiongoza peke yake. Kiangazi chote alikimbia kila alfajiri kando ya ziwa, mpaka wavuvi wakawa wanamuuliza ameiba nini. Sasa mbuzi wa zawadi alikuwa mbele ya macho yake, amefungwa kwenye mti pale mwisho.

Ghafla karani akaacha barabara, akaruka mtaro, akajitupa katika mihogo ya watu.

“Sitwayeni karani, toka, wanakufikia,” nikamwambia.

“Yule mama wa kitenge cha kijani pale kwa mbuzi, ameenda?”

“Hapana. Ndiyo kwanza anakaa.”

“Ule njo mama mukwe wangu. Nitamupita namna gani na kaputula hii?”

Hapa kwetu mama mukwe haonyeshwi hata goti. Wenzake wakatupita mmoja mmoja, wa mwisho akiwa fundi wa baiskeli mwenye kitambi, anakimbia na ndala mkononi. Karani alikuwa amechutama, amejifunika majani.

Baadaye nikamwendea yule mama kumtetea mukwe wake.

“Nilimuona akiruka,” akasema. “Ana heshima. Binti yangu aliolewa na muntu.” Kisha akamtazama mbuzi akiongozwa kwenda kwa watu wengine. “Lakini umuambie mwaka kesho avae suruali. Ule mbuzi alikuwa munono.”

Nikafikisha ujumbe. Tangu juzi karani anakimbia kando ya ziwa amevaa suruali na abakosi, lile koti la wakubwa wa serikali, vifungo vyote vimefungwa. Wavuvi hawamuulizi tena ameiba nini. Wanamuuliza komisere wa zone anafika saa ngapi.