Sauti Aliyompa Pepo

Kama umewahi kupanda treni katika mji ule, sauti yake unaijua hata kama sura yake huijui. Ndiye aliyekutangazia kwamba treni ya saa nne inaingia jukwaa namba mbili, na kama hukumsikia, kosa ni la masikio yako. Watu walimwita Kipaza. Jumapili alisoma somo la pili kanisani bila kuhitaji maikrofoni, na waliokuwa wakisinzia waliamka kwa adabu.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshona vifungo, aliyefanya kazi yote kwa mkono kwa sababu cherehani na jiko alikatazwa. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Enzi hizo majirani walisema mtoto ana pepo, apelekwe kupungwa. Mama yao alikataa, na paroko wa wakati huo akasema mtoto apelekwe kwa daktari, sala zitamfuata hukohuko. Kipaza naye aliwahi kumng'oa jino msichana mmoja shuleni kwa neno hilohilo, pepo, na hakujuta hata siku moja. Vidonge vilisaidia, lakini mara mbili tatu kwa mwaka mdogo wake alianguka, na Kipaza ndiye aliyemlaza ubavu na kumfuta mdomo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku moja akaja mwongozaji wa filamu, kijana wa parokia hiyohiyo. Alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha: binti amepagawa, na padri mzee aliyepungukiwa imani anaitwa kumpunga. Mwigizaji wake alijua kujipinda mwili, ila sauti yake ilikuwa ya kifaranga. Basi akamwomba Kipaza amwazime pepo sauti. Kwa mtu ambaye miaka yote kazi yake ni kuwaomba radhi abiria kwa ucheleweshaji, ombi hilo lilikuwa tamu.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kipaza akanguruma, mwongozaji akasema huyo ni simba wa kutishia watoto. Akakoroma, mwongozaji akaangalia saa. Hakutaka kushindwa, na mara ya tatu, bila hata kujishauri, akavuta pumzi ndefu kupitia meno yaliyobana, kisha ukafuata mkoromo wa kukatikakatika. Mwongozaji akavua vipokea sauti polepole, akamuuliza ameitoa wapi.

"Nimeibuni tu," akasema Kipaza, na akapigiwa makofi.

Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, usihangaike kutafuta nyingine. Alijua ilikotoka kabla hajaimaliza. Wiki ile nzima aliona haya kumtazama mdogo wake akimeza vidonge, lakini kurudi kuomba ifutwe hakurudi. Alijifariji kwamba mtu akianguka hajisikii, na asiyejisikia hawezi kujitambua.

Kabla haijapelekwa kwenye kumbi kubwa, filamu ilionyeshwa ukumbi wa parokia Jumamosi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mdogo wake alivaa gauni jipya, akakaa mstari wa mbele, akijigamba kwa kila aliyepita kwamba pepo ni dada yake. Pepo alipofungua kinywa, ukumbi ukanyamaza. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Ndipo jirani yao wa miaka mingi, mtu ambaye ulimi wake hauna mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona huyo ni huyu hapa, akianguka?"

Wawili watatu walicheka, kisha wakajutia kicheko chao. Kipaza alitamani ardhi ipasuke immeze. Mdogo wake hakugeuka. Alitazama mpaka padri alipomshinda pepo na watu wakapiga makofi, naye akapiga kama wao.

Kesho yake Kipaza hakusoma somo. Aliwahi mapema kuungama, kwa sauti ambayo paroko alilazimika kuinamia ili aisikie. Paroko akamwondolea dhambi, kisha akamwambia malipizi yake hayako kanisani, yako nyumbani. Kipaza angependa zaidi rozari kumi.

Alimkuta mdogo wake dirishani, akitunga uzi kwenye sindano. Akapiga magoti mbele yake, mkubwa kwa mdogo, akamweleza kwa mnong'ono kwamba ile sauti ya pepo aliichukua kwenye kuanguka kwake.

"Dada, mimi sijawahi kujisikia," mdogo wake akasema. "Hivyo ndivyo ninavyokuwa?"

"Karibu na hivyo."

"Basi nifanyie yote. Nataka kujua wanachokijua wenzangu."

Kipaza akakataa, akalia, akakataa tena. Mwishowe akafumba macho na kuvuta pumzi. Mchana kweupe, bila giza la ukumbi wala muziki, haikutisha hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayehangaika kupumua. Akaenda nayo mpaka mwisho, mkoromo ukalegea, na chini kabisa, kwa ulimi mzito, yakatoka maneno: "Dada. Dada."

Mdogo wake akaweka sindano chini. "Hilo nalo nasema?"

"Kila mara. Ndilo neno la kwanza linalokurudia."

"Mbona kwenye filamu halikuwepo?"

Kipaza alitazama sakafu. Angeweza kusema hata hapo kwamba alisahau, na mdogo wake angemwamini.

"Nililiacha makusudi," akasema. "Ningeliweka, wangejua ni mtu."

 Mdogo wake akainuka, akaenda mlangoni, akarudi na viatu vya Kipaza na kumwekea miguuni.

"Basi nenda ukaliweke."